Auguste Perret, mtu aliyelivua zege nguo

Kila tunapobandua mbao za kumwagia zege, lazima kuna fundi atakayeniuliza: "Injinia, lipu tunapiga lini?" Haulizi kama lipu inahitajika. Kwake zege ni mifupa, na mifupa haiachwi nje. Swali hilo hunipeleka moja kwa moja kwa Auguste Perret, msanifu wa Kifaransa aliyefanya kazi na zege kwa nusu karne, na aliyechukua karibu miaka ishirini kabla ya kuthubutu kuliacha uchi ndani na nje.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1874 huko Ixelles, Ubelgiji, kwa sababu baba yake, fundi wa mawe, alikuwa amekimbia Ufaransa baada ya Komuni ya Paris, uasi wa wakazi wa mji huo wa 1871. Familia iliporudi Paris, baba akafungua kampuni ya ujenzi. Auguste alisoma usanifu École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris, chini ya mwalimu Julien Guadet, akafanya vizuri, kisha akaondoka bila kuchukua shahada. Kanuni za taaluma wakati ule hazikumruhusu msanifu kuwa mkandarasi, naye alitaka kujenga alichokichora. Baba alipofariki mwaka 1905, Auguste na wadogo zake Gustave na Claude wakaishika kampuni: mmoja mezani na kalamu, mwingine kazini na mafundi. Naamini siri yake yote imo humo. Kosa likitokea kwenye zege, hasara ilikuwa yake mwenyewe.

Jengo lililomtambulisha ni la ghorofa la mtaa wa Franklin namba 25 bis, Paris, la mwaka 1903 hadi 1904. Kiwanja kilikuwa kidogo sana. Badala ya kuweka ua wa mwanga nyuma, kama ilivyokuwa kawaida, aliukunja uso wa jengo kuingia ndani ili vyumba vipate mwanga wa mtaani. Uzito wote umebebwa na nguzo na boriti za zege, kwa hiyo kuta hazibebi kitu. Lakini ukisimama barabarani huoni zege hata kidogo! Limevikwa vigae vya Alexandre Bigot: visivyo na mapambo juu ya nguzo na boriti, vyenye mapambo ya majani kwenye nafasi za katikati. Hata hivyo, kwa kutofautisha vigae hivyo, alikuwa ameshakuonyesha mifupa ilipo.

Théâtre des Champs-Élysées, ukumbi wa maonyesho wa 1913, nayo ilivikwa jiwe upande wa mbele. Zege lilikaa uchi mwaka 1923, kwenye kanisa la Notre-Dame du Raincy, nje kidogo ya Paris, na lililomsukuma ni ufukara: parokia ilitaka kanisa kubwa bila kuwa na fedha. Perret akasimamisha nguzo nyembamba za mita 11 hivi, zinazopungua unene kadiri zinavyopanda, juu yake akaweka paa jembamba la zege, na kuta akazifanya matofali ya zege yenye matundu, yaliyotengenezwa kwa kalibu chache zilizorudiwa mara nyingi. Ndani ya matundu akatia vioo vya rangi. Ukuta mzima ukawa dirisha. Lipu haikupigwa ndani wala nje.

Niseme ukweli wa kazi yetu: kanisa hilo liliugua. Zege lililofunika nondo lilikuwa jembamba mno, unyevu ukapenya, nondo zikashika kutu, zikavimba na kulipasua. Imebidi kulikarabati. Anayetaka kuacha zege wazi aanze kwa kupima hiyo nafasi kati ya nondo na uso, kabla ya kuzungumzia uzuri.

Perret hakuishia hapo. Alikuja kulitendea zege kama baba yake alivyotenda jiwe: likishakauka, mafundi waligonga uso wake kwa nyundo za meno hadi ile ngozi ya saruji itoke na kokoto zionekane, huku kingo zikiachwa laini. Kwa hiyo kokoto alizichagua kwa rangi. Kazi bora ya namna hii, kwa macho yangu, ni jengo la Palais d'Iéna mjini Paris, ambako nguzo zinapanuka kadiri zinavyopanda.

Na kulikuwa na ubishi wa madirisha. Kijana aliyekuja kuwa msanifu maarufu kwa jina la Le Corbusier alifanya kazi ofisini kwake mwaka 1908 na 1909, kisha akawa bingwa wa dirisha refu la kulala. Perret alikataa kabisa: dirisha lisimame, kwa kuwa mtu husimama, na kupitia hapo aone barabara, miti na anga kwa pamoja. Niko upande wa mzee.

Septemba 1944 mabomu ya Waingereza yaliufuta katikati ya mji wa bandari wa Le Havre. Mwaka uliofuata Perret, mwenye umri wa miaka 71, akapewa kuujenga upya pamoja na wanafunzi wake. Walichora mji mzima kwa kipimo kimoja cha nguzo hadi nguzo, mita 6.24. Kigawe kwa mbili unapata 3.12, kwa tatu 2.08, kwa nne 1.56, na kalibu zilezile zinatumika mtaa hadi mtaa. Wengi waliuona mji wa kijivu usio na roho. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Perret alifariki Februari 1954, kabla kanisa la Saint-Joseph la mji huo na mnara wake wa mita 107 havijamalizika. Ukifika Le Havre, usiishie kupiga picha mnara. Sogea kwenye nguzo yoyote ya barabarani uipitishe kiganja, kutoka kwenye ukingo laini hadi mahali nyundo ilipopita.