Je, wajua kwa nini kubadilisha namba moja tu kwenye rekodi ya shule kunaweza kukupeleka jela?

Saiba yangu iko Kaptembwo hapa Nakuru, kazi ni kuprinti, kutoa fotokopi na kusaidia watu na fomu za serikali. Kuna siku, wakati vijana walikuwa wanajiandaa kwenda kuandikishwa jeshi, akaingia mzee mmoja akatoa karatasi ndani ya nailoni akailaza mezani taratibu. Kilikuwa cheti cha kumaliza shule cha kijana wake, kimekunjwa mara 4 mpaka mikunjo imeanza kutoboka, muhuri wa bluu wa shule uko pale, sahihi ya mwalimu mkuu iko pale, na kwa mwaka wa kuzaliwa pameandikwa 1997 kwa kalamu. Akaniambia, "Kijana wangu, hii saba nifanyie tisa, ni kuizungusha kichwa tu." Jeshi lilitaka kijana asiyezidi miaka 26 na wake alikuwa amepita kwa 2.

Nikamwambia mzee hiyo siwezi, hiyo ni jela. Hakukasirika, aliniuliza tu, "Lakini shule ni ya kweli, muhuri ni wa kweli, hedimasta alisaini mwenyewe. Sasa uongo uko wapi?"

Swali lake ni la maana sana, kwa sababu wengi tunafikiri kughushi ni mpaka uunde cheti kizima kutoka sufuri, na muhuri uchonge mwenyewe. Sheria yetu ya makosa ya jinai, ile Sura ya 63, haisemi hivyo. Kifungu cha 347 kinasema hata ukichukua hati halali na kuibadilisha bila ruhusa, au kuingiza kitu ambacho hukupewa mamlaka ya kuingiza, tayari umeunda hati ya uongo. Kwa hiyo muhuri kuwa wa kweli haukuokoi, tena ndio unaofanya huo uongo uaminike. Halafu kifungu cha 345 kinaongeza kitu kimoja ambacho ndicho moyo wa kesi zote hizi, nacho ni nia: lazima uwe ulitaka kulaghai au kudanganya. Karani aliyekosea akaandika 1979 badala ya 1997 hajaghushi, huyo ameteleza kalamu. Aliyejua ni 1997 na akaandika 1999 ili jeshi liamini, huyo ni mwingine kabisa.

Adhabu ya kawaida ya kughushi ni kifungo kisichozidi miaka 3, hiyo iko kifungu cha 349, na ikiwa ni hati rasmi ya serikali au ya korti kifungu cha 351 kinapandisha mpaka miaka 7. Na hapa ndipo watu wengi hunaswa: kifungu cha 353 kinasema anayewasilisha hati hiyo huku akijua ni ya uongo anaadhibiwa sawasawa na aliyeiandika. Kwa hiyo pale kwangu mezani tungekuwa watu 3 kwenye kesi, mimi wa kuzungusha namba, mzee wa kunituma, na kijana wa kwenda nayo uwanjani kama alijua.

Lakini mbona ukali wote huo kwa mwaka wa kuzaliwa? Kwa sababu rekodi ya shule haibaki shuleni. Wewe unaibadilisha kwa sababu yako moja, na yenyewe inaenda kusomwa na watu ambao hata hukuwafikiria. Mfano ambao kwangu ni mzito kuliko yote ni wa wasichana wetu. Kanuni za Makosa ya Ngono za 2014, ile ya 4, zinaruhusu korti ikitafuta umri wa mtoto iangalie cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo au hati zozote za shule. Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inapima adhabu kwa umri: mtoto wa miaka 11 kushuka chini aliyemnajisi anafungwa maisha, wa 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18 si chini ya miaka 15. Sasa chukua msichana wa miaka 15 huku kwetu, amepachikwa mimba na mtu mzima, halafu wazee wanakaa wanaelewana, mtu anatumwa shuleni kuomba rejista iandikwe ana 18. Korti itaangalia na ushahidi mwingine, ni kweli, kuna daktari na kuna mama yake, lakini ule mstari mmoja wa rejista umempa yule mtu kitu cha kushikilia. Mwalimu aliyekubali kuuandika amemwuza mtoto aliyekuwa anamwita kwa jina kila asubuhi akiweka tiki, na hilo mimi siwezi kuliita kusaidia familia.

Upande wa pili ni pesa. Serikali inapeleka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka, kwa kiwango kilichowekwa, na hesabu inafuata majina yaliyoandikishwa. Shule ikiongeza majina 20 ya watoto ambao hawako, hao wanafunzi hewa, hiyo ni 444,880 kwa mwaka mmoja. Hapa hatuko tena kwa kughushi peke yake, tumeingia kwa sheria ya ufisadi na uhalifu wa kiuchumi ya 2003, ambapo kifungu cha 41 kinamshika mfanyakazi anayempa mwajiri wake hati anayojua ina uongo, na adhabu chini ya kifungu cha 48 ni faini isiyozidi milioni 1 au miaka isiyozidi 10 au vyote viwili. Juu yake kuna faini ya lazima ya mara mbili ya faida uliyopata au hasara uliyosababisha, yaani kwa hayo majina 20 ni 889,760 hata kabla hujaguswa na ile nyingine.

Na usifikiri kwa sababu siku hizi majina yanaingizwa kwa mfumo wa serikali wa kompyuta basi hakuna karatasi hakuna kesi. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kifungu cha 25, inasema kughushi data ni faini isiyozidi milioni 10 au miaka 5, na ukifanya kwa ajili ya kujipatia inafika milioni 20 au miaka 10. Kibodi ni ghali kuliko kalamu.

Kitu kingine, hii haiozi. Sheria ya mwenendo wa jinai inaweka muda wa mwaka 1 wa kushtaki kwa makosa madogo tu, yale ya kifungo kisichozidi miezi 6, kughushi hakumo. Ndio maana Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilipotoa ripoti yake ya vyeti, zaidi ya 2,000 vya watumishi wa umma vilipatikana ni feki, na kati ya watu wa aina hiyo wako waliodaiwa mishahara yote ya miaka waliyofanya kazi.

Yule mzee nilimwuliza kama labda 1997 yenyewe ni makosa ya shule, maana hilo hutokea sana na lina dawa. Unaenda na cheti cha kuzaliwa, mwalimu mkuu anapiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani, anaandika namba ya kweli pembeni, anatia sahihi yake na tarehe, na nakala ya cheti inabaki kwa faili. Tipeksi haitumiki, kukwaruza na wembe hakuna, ile namba ya zamani lazima ibaki inasomeka ili yeyote atakayekuja aone ilikuwa nini na nani aliibadilisha. Akafikiri kidogo akasema, "Hapana, tisini na saba ndio mwaka wenyewe, mama yake alimzaa nikiwa Njoro," akarudisha karatasi kwa nailoni, na tukaanza kuangalia kwa kompyuta ni kozi gani za ufundi bado zinachukua wa miaka 28.