Kimeta Si Mafua: Dhana Potofu kuhusu Ugaidi wa Kibiolojia

Kila zinapoenea habari za magaidi kutafuta bakteria hatari, wagonjwa wanaofika katika kliniki yangu hapa Mombasa, wawe wa Likoni au wa Kisauni, huniuliza swali lile lile: mtu mmoja akipatwa na kimeta, ugonjwa wa bakteria (anthrax) unaowapata zaidi mifugo, je, mtaa mzima hautakwisha?

Hautakwisha. Kimeta hakirukii wengine kwa kikohozi wala kwa kupeana mikono. Katika barua zilizotiwa spora, yaani chembe kavu na sugu za bakteria wa kimeta, nchini Marekani mwaka 2001, watu 22 waliugua na 5 wakafariki. Walidhuriwa na spora zenyewe, wala hakuna aliyeambukizwa na mgonjwa, hata wauguzi waliokesha vitandani mwao. Njia pekee ya kuhofiwa kutoka kwa mgonjwa ni kugusa majimaji ya kidonda, nayo huambukiza kwa nadra mno. Glavu na sabuni zatosha. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kumpokea kijana aliyechuna ng'ombe aliyekufa ghafla, mkononi ana kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi, na jamaa zake walikuwa wakimwekea chakula mlangoni na kukimbia. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema kwa antibiotiki, karibu wagonjwa wote hupona. Siku alizopoteza akiwa ametengwa ndizo zilizomhatarisha.

Wengine hudhani kwamba kimeta hutoka maabara tu. Kimo katika udongo wa Kenya, na mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya 100 katika Mbuga ya Ziwa Nakuru.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye bakteria tayari ana silaha. Aum Shinrikyo, kundi la kidini la Kijapani lenye fedha na wanasayansi, lilijaribu kueneza kimeta mjini Tokyo mwaka 1993 na hakuna aliyeugua. Sisemi tishio halipo: mwaka 1984, wafuasi wa dhehebu moja huko Oregon, Marekani, walitia salmonela, bakteria za kuharisha, katika vyakula vya mikahawani, watu 751 wakaugua, na mwanzoni lawama ziliwaangukia wahudumu wa chakula. Ndiyo maana nawasihi madaktari wenzangu waripoti kila mlipuko wa kuhara, hata unaoonekana wa kawaida.

Kuhusu bahasha za unga mweupe unaoshukiwa kuwa na kimeta, Oktoba 2001 barua iliyofika Kenya ilitangazwa kuwa na kimeta, na vipimo vya baadaye vikakanusha. Ukipokea bahasha ya kutilia shaka, usiinuse wala usiitikise. Iache hapo, funga mlango, nawa kwa sabuni na uwaite polisi.

Tafadhali msinunue antibiotiki ya siprofloksasini dukani kila uvumi unapozuka. Mnazifundisha bakteria za kila siku kuishinda dawa ambayo mgonjwa wa kimeta ataihitaji. Na mnyama akifa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani, asichunwe wala asipasuliwe. Aitwe daktari wa mifugo kabla nyama haijagawiwa jirani.