Babu alivuta bangi mpaka uzeeni, sasa wewe?

Kila sisi watu wa afya tukienda shuleni kutoa elimu kuhusu bangi lazima atokee mmoja wa viti vya nyuma aseme babu yake kavuta bangi maisha yote na mpaka leo analima, darasa zima linacheka. Sawa, tumuongelee huyo babu.

Huenda huyo babu alianza akiwa mtu mzima tayari. Ubongo unaendelea kujengeka mpaka miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa ni ile ya mbele, ndo inayokufanya ufikiri kabla ya kutenda, sasa THC, kemikali inayoleta stimu, inaenda kuvuruga palepale kazi ikiwa haijaisha. Inakadiriwa kati ya watumiaji 10, mmoja anakuwa mraibu, ila kwa walioanza kabla ya miaka 18 ni kama mmoja kwa 6.

Halafu mmea wa babu sio hii skanka, bangi kali ya siku hizi. Skanka ina THC nyingi mno, na anayevuta kali kila siku ndo tunaletewa anasikia sauti, anasema majirani wanamfuatilia, na kama ukoo wenu una mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa mkubwa wa akili) basi hatari ni kubwa zaidi. Nyumbani wanasema karogwa, wanazunguka kwa waganga miezi, sisi tunampata kashachelewa (hili linaniuma kuliko yote). Biskuti za bangi nazo zina mtego wake, zinachukua nusu saa mpaka masaa mawili kushika, kijana anaona kimya anaongeza ya pili na ya tatu, zikija zinakuja zote kwa pamoja.

Eti jani, yaani bangi, halina arosto, yale mateso ya kuacha? Mwambie anayevuta kila siku aache wiki moja tu. Usingizi hamna, hasira za ajabu, jasho usiku, chakula hakipiti. Kwa wengi inapoa ndani ya wiki mbili hivi. Na methadoni wanayopewa waraibu wa heroini haisaidii hapa, mpaka sasa bangi haina dawa yake maalum, tiba ni ushauri nasaha, vikao vingi tu na uvumilivu.

Mzazi, ukigundua mwanao anavuta usianze na fimbo. Mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili, akianza kuongea peke yake usisubiri hata kesho. Na daktari akiuliza katumia nini taja vyote, skanka, biskuti, gongo, sisi sio polisi.