Manifodi ya ekzosi kwenye gari la pwani: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Chukua Subaru Impreza WRX mbili za mwaka mmoja, moja ikae Nairobi na nyingine Malindi. Baada ya miaka mitano ziinue zote uzitazame kwa chini, utadhani si gari la aina moja. Iwe kusi, iwe kaskazi, upepo wa hapa umebeba chumvi. Kule Gongoni watu huivuna kutoka maji ya bahari yaliyokaushwa na jua. Hapa mjini inajiwekea yenyewe juu ya stadi, zile pini zenye hesi zinazofunga manifodi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) kwenye injini, inachomwa na ekzosi mchana na kulowa umande usiku. Ndiyo maana kazi ya kufungua manifodi, ambayo video za mtandaoni huionyesha ikiisha kabla ya chakula cha mchana, kwetu inaweza kula siku mbili au tatu. Ndiyo maana pia maneno yanayozunguka gereji kuhusu kazi hii yanawagharimu watu pesa nyingi. Nianze na lile linaloharibu kuliko yote.

"Nati ikikataa, ongeza bomba kwenye spana"

Hapana. Stadi ni ya chuma, hedi ya Subaru, kile kifuniko cha silinda ambamo stadi huingia, ni ya alumini. Metali hizi mbili zikigusana na maji ya chumvi yakaingia kati yao, umeme mdogo hupita na alumini huanza kuliwa. Inageuka unga mweupe unaovimba ndani ya hesi na kuibana stadi. Juu yake, nati nayo imeshikana na stadi kwa kutu. Ukitia bomba kwenye spana, nguvu yote inaishia kwenye stadi ambayo joto na kutu vimeshaidhoofisha, na inakatikia ndani ya hedi.

Kinachofungua nati ya pwani ni muda. Pulizia mafuta ya kupenya kutu jioni, rudia asubuhi, rudia tena mchana. Ile dawa ya kopo inayojulikana zaidi, WD-40, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kutu hufanya kazi hii vizuri zaidi, na yote mawili hayana faida ukipulizia na kushika spana papo hapo. Baadaye gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, tumia soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa, kaza kidogo sana, legeza kidogo, kaza tena, legeza tena. Ukisikia nati inaanza kuwa laini kama mpira, simama: hiyo ni stadi inayojinyonga.

Ikikataa kabisa, moto. Ipashe nati peke yake mpaka iwe nyekundu ili itanuke, na kabla ya kuwasha uondoe sensa na nyaya zote zilizo karibu, uhakikishe hakuna paipu ya petroli inayovuja, na mtu asimame na kizima moto. Hili watu hulichanganya na ushauri wa kufungua injini ikiwa bado moto. Ni mambo mawili tofauti. Kuipasha nati kunalegeza nati. Hedi nzima ikiwa moto, alumini inakuwa dhaifu na stadi inaweza kutoka na hesi zake. Acha injini ipoe.

Na kwa kuwa kwenye Subaru matundu ya ekzosi yako chini ya injini, utalala chini ya gari muda wote huo. Jeki peke yake haitoshi. Weka stendi, tafadhali.

"Stadi ikikatikia ndani, hedi imekwisha"

Hili linaniuma, kwa sababu kuna watu wameagiza hedi nzima kutoka Mombasa kwa ajili ya kipande kidogo cha chuma. Kama kipande kimebaki kimechomoza hata kidogo, fundi hodari wa kuchomelea anaweza kuweka nati juu yake na kuichomelea kupitia tundu la katikati. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, kisha unaizungusha kwa spana baada ya kupoa kidogo. Kama kimekatikia ndani kabisa, kinatobolewa katikati hasa, kwa drili ya kwenda polepole, halafu tundu linatiwa hesi mpya ya chuma, ile ya kujizungusha kama springi. Hesi hiyo ikiwekwa vizuri huwa imara kuliko ya alumini iliyokuwapo. Hatari kubwa ni kile kichomoa stadi kigumu kinachopigwa ndani ya tundu: kikivunjika humo, drili ya kawaida haiwezi kukitoboa.

"Hiyo tiki-tiki ni tapeti tu"

Asubuhi unawasha gari, unasikia tiki-tiki-tiki kutoka upande wa injini, dakika chache baadaye imetulia. Utaambiwa ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, badilisha oili. Mara nyingi ni gasketi ya manifodi, kile kizibo chembamba kati yake na hedi, inayovuja: chuma kikipata joto kinatanuka, ufa unajiziba, sauti inapotea. Tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifodi na hedi. Hayo hayatoki kwenye tapeti.

Wala tatizo si kelele tu. Moshi wa ekzosi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha hushuka, hewa ya nje ikanyonywa ndani kupitia ule ufa. Sensa ya oksijeni inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli imepungua, inaongeza. Unabaki kulalamikia bei ya petroli. Kwenye gari la tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, moshi unaopotea kabla ya kufika kwenye tabo ni nguvu iliyokusudiwa kuizungusha. Halafu kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Gari nyingi huvuta hewa ya ndani kutoka chini ya kioo cha mbele, nyuma tu ya boneti. Mwenye kupeleka watoto shule Watamu kwa gari linalovuja hivyo asisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu gasketi yenyewe sitasema mengi. Ya zamani imeshabanwa mara moja na haibaniki tena vilevile. Silikoni nayo, hata ile nyekundu ya joto kali, huvumilia nyuzi 300 na kitu, ilhali moshi wa injini ya tabo inayofanya kazi ngumu hupita 800. Itaungua, na mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni. Nunua gasketi mpya na nati mpya.

Kabla ya kurudisha, laza ruula ya chuma juu ya uso wa manifodi na upitishe fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Uso uliopinda hauzibwi na gasketi yoyote. Upeleke ukasawazishwe kwa mashine. Kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, ukianzia katikati kwenda pembeni kama injini ni ya silinda za mstari mmoja. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi ni kati ya nyutoni-mita 20 na 50, wakati nati za magurudumu hukaribia 100. Anayekaza manifodi kama gurudumu anajitengenezea stadi iliyokatika.

Vijana wengi huniuliza habari ya ule mngurumo wa Subaru, uliopendwa sana hapa Kenya tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza. Wanaamini unatoka kwenye sailensa kubwa. Asili yake ni manifodi: mabomba ya kutoka pande mbili za injini hayalingani urefu, basi mapigo hufika kwenye tabo kwa vipindi visivyo sawa. Ukinunua manifodi ya mabomba yaliyolingana, mngurumo huo unaondoka, weka sailensa yoyote utakayo. Bandeji ya kuzungushia manifodi nayo siipendekezi huku kwetu, maana inashika unyevu wa chumvi na bomba linaoza chini yake bila wewe kuona.

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kurudisha, moshi mwembamba utatoka kwenye manifodi na wengine watasema kazi ni mbovu. Ni oili na mafuta ya kupenya yanaungua. Hukoma baada ya dakika chache. Usipokoma, au ukinusa petroli, zima mara moja uangalie.