Kwa nini pikipiki huwa za cc 125, 250 au 400, na si 137 au 280?

Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Mbagala au Kisumu, usome ubavuni mwa pikipiki zilizopangwa pale: 100, 125, 150. Nenda kwenye duka la pikipiki kubwa utakuta 250, 400, 500, 650. Namba hizo ni ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo, yaani cc: ile nafasi ambayo pistoni huipitia ikipanda na kushuka ndani ya silinda. Kiwanda kinaweza kutengeneza injini ya cc 137 au 280 bila taabu yoyote. Mbona basi viwanda vya dunia nzima vinarudi kwenye namba zilezile?

Namba nyingi kati ya hizo ziliwekwa na wabunge na mawaziri, wala si mainjinia. Kila nchi ina mstari wake. Chini ya mstari leseni ni rahisi na kodi ni nyepesi. Ukiuvuka unakutana na mtihani mwingine, ukaguzi mwingine, malipo mengine. Kiwanda husogeza injini hadi ukingoni kabisa mwa mstari, kisha husimama hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Japani. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilikuwa ikiuza CB400 Four, pikipiki ya silinda nne yenye cc 408. Mwaka 1975 utaratibu wa leseni ukabadilishwa, na mwenye leseni ya kati akawekewa kikomo cha cc 400. Zile cc 8 za ziada hazijazi hata vijiko viwili vya chai, lakini zilitosha kuifanya pikipiki ile kuwa "kubwa", isiyoruhusiwa kwa mwenye leseni ya kati. Mwaka uliofuata Honda ikaipunguza hadi cc 398 kwa ajili ya soko la nyumbani.

Leseni ya juu ya 400 haikuwa mchezo. Hadi mwaka 1996 shule za udereva hazikuruhusiwa kuifundishia. Ulikwenda kujaribu bahati yako moja kwa moja kwenye kituo cha mtihani cha polisi, na waliofaulu walikuwa wachache sana. Kizazi kizima cha Wajapani kikaishia kwenye 400. Ndiyo maana nchi ile ilikuwa na pikipiki za 400 za kila aina, nyingi zisizouzwa kwingineko, na Honda CB400 Super Four ilidumu sokoni kuanzia 1992 hadi 2022.

Japani ina mstari wa pili, nao uko kwenye cc 250. Pikipiki inayozidi hapo lazima ipite ukaguzi wa serikali uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukiipeleka kupitia gereji, unalipa makumi ya maelfu ya yen. Ya 250 kushuka chini haidaiwi shaken kabisa. Fungua karatasi ya maelezo ya pikipiki ya "250" iliyotoka Japani na mara nyingi utakuta imeandikwa 249.

Hapo ndipo udhaifu wa kupima kwa cc unapoonekana. Ukimfungia mtengenezaji ukubwa, anahamia kwenye nguvu. Miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilitoa pikipiki za cc 250 zenye injini zinazochoma oili pamoja na petroli, zikitoa nguvu za farasi 45. Bodaboda ya cc 150 hutoa kama 12 hivi. Kwa sheria zile zilikuwa pikipiki za kawaida tu, lakini barabarani zilikwenda kama za mashindano, na waliozipanda wengi walikuwa vijana. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la mistari ya cc: inapima ukubwa wa chungu, na kinachounguza ni moto uliomo ndani yake.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo. Kuanzia mwaka 1961 mwanafunzi wa pikipiki alikomea cc 250. Mwaka 1971 vijana wa miaka 16 wakashushwa hadi cc 50, tena sheria ikataka chombo chenyewe kiwe na pedali kama za baiskeli. Watengenezaji walifanyaje? Waliweka pedali kwenye vipikipiki vyenye kasi. Yamaha FS1-E ikawa ndoto ya vijana wa nchi ile, na pedali zake zilitumika zaidi kama mahali pa kukanyagia kuliko kuendeshea. Mwaka 1983 mwanafunzi wa kawaida akashushwa tena, kutoka 250 hadi 125. Kwa sababu hiyo, yule unayemwona London akipeleka vyakula majumbani mara nyingi yuko juu ya 125 yenye kibao cheupe cha herufi L nyekundu. Amepita mafunzo ya msingi ya lazima, yaliyoanza mwaka 1990, na cheti chake hudumu miaka miwili. Haruhusiwi kubeba abiria wala kuingia barabara kuu za mwendo kasi.

Akitaka kuendelea, anaingia kwenye ngazi ambayo nchi za Umoja wa Ulaya ziliifuata kuanzia Januari 2013, na Uingereza imebaki nayo hata baada ya kujitoa kwenye Umoja. Katika ngazi hii nguvu hupimwa kwa kilowati. Leseni ya A1 hukomea cc 125 na kilowati 11. A2 ni kilowati 35, bila kujali cc. Juu yake kuna A, isiyo na kikomo. Uingereza unaanza A1 ukiwa na miaka 17, A2 ukiwa na 19, na A kamili ukiwa na 24, au 21 kama umekuwa na A2 kwa miaka miwili. Mwaka uleule wa 2013 Honda ikaleta familia mpya ya CB500. Injini yake ni cc 471 na nguvu yake ni kilowati 35, hakuna zaidi hakuna pungufu.

Ngazi hiyo ina bei yake. Uingereza, ada za serikali peke yake ni pauni 23 kwa mtihani wa nadharia, pauni 15.50 kwa sehemu ya kwanza ya vitendo na pauni 75 kwa sehemu ya pili siku za kazi. Hapo hujamlipa mwalimu hata siku moja, na anayepanda kutoka A1 hadi A hurudia vitendo kila ngazi. Ni ghali, na kwa kijana asiye na kitu ni mlima. Hata hivyo kati ya mifumo yote huu ndio ninaouheshimu zaidi, kwa sababu unamfanya mtu azoee nguvu ndogo kabla ya kupewa kubwa. Marekani kwa sehemu kubwa haina ngazi za namna hiyo: kijana wa miaka 18 aliyepata leseni ya pikipiki leo anaweza kuondoka dukani na ya cc 1,000.

Kodi nayo ina mistari yake. Ujerumani humtoza mwenye pikipiki euro 1.84 kwa mwaka kwa kila cc 25, kwa hiyo ya 600 hulipiwa euro 44 na senti kidogo, na ile ndogo ya 125 haitozwi. Kwa kuwa wengi huegesha majira ya baridi, Wajerumani wana namba za usajili za msimu. Zina miezi iliyoandikwa pembeni, tuseme Machi hadi Oktoba, na unalipia miezi hiyo tu. Tanzania ilichagua njia nyingine kabisa. Mwaka 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Anayekesha barabarani hulipa kila anapojaza tangi. Pikipiki iliyolala uani haidaiwi.

Singapore ndiyo inayotisha. Huko huruhusiwi kusajili pikipiki mpaka ununue kwa mnada cheti cha haki ya kuimiliki, kinachodumu miaka kumi. Mwaka 2022 cheti cha pikipiki kilipita dola 12,000 za Singapore, kuliko bei ya pikipiki yenyewe kwa nyingi ya zile ndogo. Leseni ya kwanza inakomea cc 200, na lazima ukae nayo mwaka mzima kabla ya kupanda hadi 400.

Na huku kwetu? Mstari uliobadilisha maisha ulichorwa Nairobi mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Bodaboda, iliyoanza kama baiskeli za kuvushia watu kwenye mpaka wa Busia, ikaenea kwa injini. Lakini angalia: viwanda havikusogea hadi 249. Vilibaki 100, 125 na 150. Sababu ni kwamba kwa dereva wa mkataba mstari mkali zaidi ni hesabu ya tajiri kila jioni, na pikipiki inayokunywa mafuta humla yeye kwanza. Mfuko wa dereva ukachora mstari wake, mkali kuliko ule wa waziri wa fedha.

Sasa zinakuja pikipiki zisizo na cc kabisa. Mota ya umeme haina silinda wala pistoni, kwa hiyo hakuna cha kupimwa kwa sentimita za ujazo. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zitasajiliwa zikiwa za umeme tu. Japani, baada ya miongo mingi ya mstari wa cc 50, tangu Aprili 2025 inamruhusu mwenye leseni ile ya cc 50 kupanda hata ya cc 125, mradi nguvu yake isizidi kilowati 4. Na kwenye vijiwe vya Kigali madereva wanaulizana mambo mengine: betri inafika kilomita ngapi, na kuibadilisha kituoni ni faranga ngapi.