Viendelezi vilivyochukuliwa vinasema nini kuhusu bei ya domeni

Ukitaka kununua domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, kutoka kwa mtu aliyekutangulia kuisajili, hoja hii utaisikia mapema: "Bosi, jina la moto hili. .net imeenda, .org imeenda, hata .co.tz ina mwenyewe. Imebaki .com, ninayo mimi." Kisha inatajwa bei, tuseme milioni tatu, kwa kitu ambacho kingekuwa wazi ungekisajili kwa dola kumi na kitu kwa mwaka.

Kiendelezi ni kile kipande cha mwisho cha jina: .com, .net, .africa, au .co.tz iliyo chini ya .tz ya Tanzania. Kila kiendelezi kina daftari lake. La .com linatunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na la .tz liko hapa nyumbani. Ndiyo maana neno moja linaweza kuwa na wamiliki kumi tofauti, kila mmoja kwenye daftari lake, bila hata mmoja kuvunja utaratibu. Wafanyabiashara wa domeni wamezoea kuhesabu: neno likishachukuliwa kwenye viendelezi vingi, basi lina watu wanaolitaka, na bei ipande. Mantiki yenyewe si mbovu. Ila hesabu haikuambii nani kachukua, wala kachukulia nini. Dalali wa viwanja Goba naye atakwambia jirani kote kumeshauzwa, lakini kama vyote kavinunua mtu mmoja anayengoja bei, bado unanunua pori.

Chukua jina la kubuni, kekosamani. Anayeijua Dar anaijua Keko na vitanda vyake, kwa hiyo jina linaeleweka papo hapo. Sasa lipekue kiendelezi kimoja kimoja. Zipo huduma za bure za kuangalia usajili. Ya zamani inaitwa WHOIS, na mrithi wake ni RDAP. Jina la mmiliki siku hizi mara nyingi limefichwa, ila tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha na seva za majina (kompyuta zinazoielekeza domeni kwenye tovuti yake) huonekana.

Tuseme unakuta hivi. .net imesajiliwa siku moja na .com, kwa wakala yuleyule wa usajili, seva zilezile: karibu hakika ni ya huyohuyo anayekuuzia. Kajinunulia ushahidi wake mwenyewe. .org inafungua ukurasa mtupu wenye matangazo. .xyz ina miezi michache tu, na viendelezi vya namna hiyo mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa mwaka wa kwanza, hivyo mtu hasajili kwa sababu ana mpango nalo, anasajili kwa sababu ni rahisi. Inabaki .co.tz. Hiyo inafunguka: picha za makabati, bei kwa shilingi, kitufe cha WhatsApp, na anayejibu ni mtu kweli.

Viendelezi vinne vimechukuliwa, lakini mwenye haja ya kweli ni mmoja. Mimi namhesabu huyo tu.

Linganisha na neno kama simba. Kuna klabu ya Msimbazi, kuna saruji ya Tanga, kuna chipsi za Afrika Kusini, kuna magodoro Uingereza. Hao hawajuani, kila mmoja ana biashara halali na sababu yake ya kulitaka neno hilo. Hapo wingi wa viendelezi vilivyochukuliwa unasema kitu kizito, kwa sababu ukishika kimoja kizuri, wanunuzi wako ni zaidi ya mmoja, na hawawezi kukupangia bei kwa pamoja. Neno fupi, la kawaida, linalofaa biashara nyingi, lina nguvu ambayo maneno mawili yaliyogandishwa hayana.

Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo inayoumiza watu: viendelezi vyote vimechukuliwa na kampuni moja kubwa inayolinda nembo yake, kimebaki kimoja walichokisahau. Kwa hesabu ya viendelezi jina hilo ni dhahabu. Kwa kweli ni kesi inayosubiri. ICANN, wasimamizi wa mfumo wa majina duniani, wana utaratibu wa migogoro tangu 1999, UDRP, ambao mwenye nembo akithibitisha mambo matatu anakunyang'anya domeni bila fidia: jina linafanana na nembo yake, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na umelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kulinunua ili umuuzie yeye kwa faida ni mfano wa wazi wa nia mbaya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela pitia BRELA uone nembo na majina ya biashara yaliyosajiliwa. Dakika chache hizo zina maana kuliko vile vikokotoo vya mtandaoni vya bei za domeni vinavyokutajia maelfu ya dola. Kwa neno la Kiswahili vingi vyao naona vinabahatisha tu.

Rudi Keko. Kama wewe pia unataka kuuza samani, yule wa .co.tz ni tatizo lako kabla hajawa mnunuzi wako. Wateja watawachanganya, barua pepe za oda zitaingia kusiko, na yeye katangulia sokoni. Kwa duka linalowauzia watu wa Temeke na Mbagala, .co.tz inatosha kabisa, na wengi wanaiamini kwa sababu wanaiona ni ya hapa. .com ingekuwa na uzito zaidi kama unasafirisha nje au unalenga na Nairobi. Na kama unanunua ili uuze tena, mnunuzi wako ni yeye peke yake. Akisema hahitaji, umebaki na jina na ada ya kila mwaka.

Kwa jina la namna hiyo ningetoa laki mbili. Milioni tatu, hapana. Muuzaji akikataa, angalia tarehe ya kuisha, maana dalali mwenye domeni nyingi zisizouzika huwa mpole sana ada zinapokaribia. Ila .com haiachiwi siku inapoisha. Wakala kwa kawaida humpa mwenyewe muda wa kulipia, ikifutwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri, ndipo inarudi wazi kwa yeyote atakayewahi.