Je, wajua vituo vya ajira, yaani maeneo yaliyokusanya kazi nyingi, hutambuliwaje katika jiji kubwa?

Ghorofa refu si ushahidi. Huenda ni la makazi. Kinachohesabiwa ni wafanyakazi kwa ekari. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha watafiti Genevieve Giuliano na Kenneth Small, waliochambua eneo la Los Angeles mwaka 1991 kwa takwimu za sensa ya 1980. Kwao, kituo ni kanda (vipande ambavyo jiji hugawanywa kwa ajili ya takwimu) zinazopakana, kila moja ikiwa na angalau wafanyakazi 10 kwa ekari, na zote kwa pamoja zikifikisha wafanyakazi 10,000.

Anza na takwimu za mahali watu wanapofanyia kazi, si wanapolala; ukizichanganya utachora ramani ya makazi. Kisha gawanya idadi ya wafanyakazi wa kila kanda kwa eneo lake lote, barabara na maegesho yakiwemo. Tuseme kanda moja ina ekari 400 na wafanyakazi 6,000: ni 15 kwa ekari, imepita. Jirani yake ina ekari 300 na wafanyakazi 4,200: ni 14, nayo imepita. Hakuna iliyofika 10,000 peke yake, ila zikiunganishwa ni 10,200, basi hicho ni kituo. Kanda ya tatu ina wafanyakazi 9,000, wengi kuliko hizo mbili kila moja, lakini kwa kuwa imebeba uwanja wa ndege ina ekari 1,200. Inapata 7.5 na kuachwa nje.

Hapo ndipo njia hii inapoyumba: mchora mipaka ndiye anayeamua matokeo. Tumia kanda ndogo kadiri takwimu zinavyoruhusu. Angalia pia makao makuu, maana kampuni ikiandikisha wafanyakazi wa matawi yote kwenye anwani moja, kinazuka kituo hewa. Na orodha za waajiri haziwaoni machinga. Kwa orodha hizo Kariakoo ingeonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kiwango cha 10 nacho si amri. Pembezoni huwa kikali mno, na katikati ya jiji huwa legevu hadi vituo jirani vinamezana. Ndiyo maana mtafiti Daniel McMillen, mwaka 2001, alipendekeza kulinganisha kila kanda na msongamano unaotarajiwa pale ilipo, na kuchukua zile zinazouzidi kwa kiasi kisichoelezeka kwa bahati tu. Ni haki zaidi kwa vitongoji, ila inataka programu ya takwimu na mtu anayeielewa.

Huko Los Angeles, Giuliano na Small walipata vituo 32. Theluthi mbili ya ajira zote zilikuwa nje ya vituo hivyo.